Ujue Ugonjwa Kabla ya Kununua Dawa: Maradhi ya Ngozi ya Mbwa na Paka



Mwenye mbwa anayejikuna usiku kucha mara nyingi hukimbilia duka la dawa za mifugo na kuomba "dawa ya upele". Hupewa chupa, akalipa, akaenda zake. Wiki mbili baadaye mnyama yu vilevile, na fedha imekwisha kutoka. Chanzo cha hasara hiyo ni kimoja: kujikuna ni dalili, si jina la ugonjwa. Viroboto, utitiri, choa, bakteria na mzio, vyote huweza kumnyonyoa mnyama manyoya, na macho peke yake hayatoshi kuvitofautisha.

Uchunguzi wa kweli huanza kwa maswali. Daktari wa mifugo atataka kujua umri wa mnyama, dalili zilianza lini, na kama kuna mtu au mnyama mwingine nyumbani anayewashwa. Kisha atatazama mahali palipoathirika. Mbwa anayejikuna kiunoni na kwenye shina la mkia hutiliwa shaka ya viroboto. Kwenye kingo za masikio na viwiko, upele wa utitiri. Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, hasa kwa paka wadogo, huashiria choa. Hizo ni ishara tu. Hukumu hutolewa na vipimo.

Kipimo kimoja mwaweza kukifanya wenyewe. Mchaneni mnyama kwa chanuo lenye meno yaliyosongamana, mkung'ute uchafu juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Chembe nyeusi zikiacha rangi nyekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, chenye damu ya mnyama wenu.

Vilivyobaki ni kazi ya daktari. Hukwangua ngozi kwa wembe na kutazama kwa hadubini ili kutafuta utitiri. Fahamuni kwamba utitiri wa upele wa kuambukiza huweza kukosekana katika kipimo ilhali upo. Kwa hiyo daktari anaweza kuanza tiba kwa dalili, na hapo hajawadanganya. Kwa choa, manyoya hupelekwa maabara ili kuotesha kuvu, na majibu huweza kuchukua wiki mbili au zaidi. Mzio wa chakula hutambuliwa kwa kumlisha mnyama chakula maalumu pekee kwa muda wa wiki 8 hivi, kisha kumrudishia cha zamani na kutazama kama atawashwa tena. Kipimo cha damu hakiwezi kutegemewa kwa jambo hilo.

Kukisia kuna hatari kubwa kuliko hasara ya fedha. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin huweza kumuua paka; someni kibandiko kabla ya kuipaka. Dawa ya kuogeshea ng'ombe na oili chafu ya gari ni sumu kwa wanyama hawa. Sindano ya kutuliza muwasho ikitolewa kabla ya vipimo huweza kuuficha ugonjwa, na choa kikazidi kuenea. Tena choa na upele huo humwambukiza binadamu. Mtoto anayelala na paka mgonjwa naye atazamwe na daktari.

Basi, kabla ya kulipa, ulizeni: Mnashuku ugonjwa gani? Kipimo gani kimefanyika, na kimeonyesha nini? Dawa hii yaitwaje, na yafaa kwa mnyama wa aina na uzito huu? Turudi lini? Ombeni majibu kwa maandishi, pamoja na risiti. Hapa Tanzania, mtoa huduma anapaswa kutambuliwa na Baraza la Veterinari, chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Si utovu wa adabu kumwomba akuonyeshe cheti chake.

Mnyama hawezi kusema anapoumia. Mwulizieni ninyi.