Joto Kwanza, Maziwa Baadaye

Somo letu la leo ni juu ya jambo dogo: namna ya kumlea mtoto mchanga wa mbwa ambaye mama yake amekufa. Labda mtu atacheka na kusema, «Je, katekista hana neno kubwa kuliko mbwa?» Asicheke upesi. Asikilize kwanza yaliyotupata.

Katika misitu ya Ituri na Uele wawindaji hufuga mbwa mdogo mwenye masikio ya kusimama na mkia uliojikunja, asiyebweka kama mbwa wengine. Humfunga kengele ya mti, wapate kusikia aliko katika kichaka. Huko Ulaya jamii hiyo ya mbwa huitwa Basenji. Mbwa jike wa jamii hiyo kwa kawaida huzaa mara moja tu kwa mwaka. Basi, mwindaji akipoteza watoto wa uzazi mmoja, amepoteza mwaka mzima.

Mbwa wa jirani yetu, mwindaji, alizaa watoto watatu. Siku ya pili aliumwa na nyoka nyuma ya jiko, akafa usiku. Kulipokucha tuliitwa. Tukakuta mtoto mmoja amekwisha kufa, na wawili wamelala kimya, baridi kama mawe ya mtoni. Tukaingiwa na huruma, tukasema, «Hawa wanakufa kwa njaa!» Tukaleta maziwa ya mbuzi na kijiko, tukamshika mmoja, tukamlaza chali kama tunavyowalaza watoto wetu, tukamnywesha. Maziwa yakatoka puani. Kabla ya adhuhuri akafa.

Hapo mama mkwe wa mwindaji, bibi mzee, akamchukua yule wa mwisho, akamweka kifuani pake chini ya kitenge. Tukamkaribia na kijiko chetu. Akatuambia, «Mwalimu, acheni kwanza. Huyu hana njaa bado, ana baridi.»

Wapenzi, neno hilo la bibi ndilo somo la leo. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa sasa hivi hana uwezo wa kujitia joto mwenyewe. Mwili wake hufuata joto la mahali alipo, na joto lake ni la mama yake na ndugu zake. Akipoa, tumbo lake huacha kufanya kazi. Maziwa unayompa hukaa humo na kuharibika. Wala hawezi kumeza vizuri, na maziwa huingia mapafuni. Basi tulimwua kwa huruma yetu isiyo na maarifa.

Tutajuaje kwamba amepoa? Mtie ncha ya kidole safi kinywani. Kinywa kikiwa baridi, na asiponyonya kidole, usimpe chakula. Mpashe joto polepole, kwa muda wa saa moja mpaka tatu, juu ya ngozi ya mtu. Usimweke karibu na moto, wala usimtumbukize katika maji ya moto, kwa maana joto la ghafula nalo huua. Kinywa kikiisha kupata joto, mpake ufizi kwa tone la maji ya sukari, kisha ndipo umpe maziwa.

Baadaye mtengenezee kitanda katika kikapu au sanduku. Tia chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri kwa nguo, upande mmoja tu, ili akiona joto limezidi aweze kujivuta upande wa pili. Katika juma la kwanza joto la mahali pake liwe kama digrii 30. Akilia daima na kujikunja, ana baridi. Akihema na kujinyoosha mbali na chupa, joto limezidi.

Sasa tuseme juu ya maziwa. Maziwa ya mbwa ni mazito: mafuta yake hupita mara mbili yale ya ng'ombe au mbuzi, na vilevile nguvu ya kujenga mwili. Ndiyo maana maziwa matupu ya mbuzi hayamtoshi. Mahali palipo na mganga wa mifugo, ombeni maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa watoto wa mbwa. Yasipopatikana, kwa siku chache chukueni kikombe kimoja cha maziwa yaliyochemshwa na kupoa, mtie viini viwili vya mayai pasipo ute mweupe, na kijiko kimoja cha mafuta ya kula. Koroga, chuja, mpe yakiwa na joto la mwili. Kesho tengeneza mengine.

Namna ya kumnywesha ni hii. Mtoto alale kifudifudi, tumbo chini, kichwa kimeinuliwa kidogo, kama anyonyavyo kwa mama yake. Tumia chupa ndogo yenye chuchu, au bomba la sindano lisilo na sindano, ukitoa tone baada ya tone. Mtoto wa gramu 250 asipewe zaidi ya mililita 10 kwa mara moja, yaani vijiko viwili vidogo. Katika juma la kwanza apewe kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui. Mtoto mchanga wa mbwa hawezi kukojoa wala kunya kwa nguvu zake mwenyewe; mama yake humlamba ndipo atoe. Basi, kila akiisha kunywa, chukua kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, umpanguse taratibu chini ya mkia. Fanya hivyo mpaka atimize majuma matatu. Ukisahau, atakufa tumbo likiwa limejaa.

Mpime kila siku, maana uzito husema kweli kuliko macho. Asiye na mizani atundike kijiti kwa kamba katikati, na kikapu kidogo kila ncha. Huku amtie mtoto, na huku mawe madogo. Kila siku mawe yapate kuongezeka. Siku moja yasipoongezeka, angalieni vizuri. Siku ya pili yakipungua, tafuteni msaada.

Yule mtoto wa bibi tulimlinda kwa zamu: bibi, mwindaji, mke wake, na sisi. Usiku wa nne zamu ilikuwa yetu, nasi tukalala mpaka jogoo akawika. Tulimkuta amelegea tena. Bibi hakutugombeza, alimrudisha kifuani pake, akaanza upya kama siku ya kwanza. Aibu ile ilitufaa kuliko maonyo mengi. Siku ya kumi na mbili macho yakafunguka. Mwezi ulipotimia alikuwa akilamba uji wenye samaki wa kutwangwa. Siku hizi huvaa kengele ya mti.

Lakini tunawaonya neno moja. Kabla hamjamgusa mtoto, ulizeni mama yake amekufa kwa nini. Ikiwa alikuwa mkali pasipo sababu, akauma watu au vitu, akatokwa na mate na kushindwa kumeza, msiwaguse watoto wake kwa mikono mitupu. Mwiteni mganga wa mifugo. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mtu aliyeumwa, au aliyepatwa na mate katika jeraha, aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku ile ile, asingoje dalili. Tena kila mtoto wa mbwa apewe dawa ya minyoo tangu juma la pili, na achanjwe kichaa atimizapo miezi mitatu.

Haya, tujikumbushe.

Swali: Mtoto wa mbwa asiye na mama huhitaji nini kwanza?
Jibu: Huhitaji joto kwanza, na maziwa baadaye.

Swali: Hunyweshwaje?
Jibu: Hunyweshwa akiwa kifudifudi, kidogo kidogo, kwa saa zilizowekwa.

Swali: Akiisha kunywa, tumfanyie nini?
Jibu: Tumpanguse kwa kitambaa chenye uvuguvugu mpaka atoe.

Swali: Je, huruma peke yake yatosha?
Jibu: Haitoshi. Huruma yataka maarifa, na maarifa yataka mtu wa kukesha.

Wapenzi, Mungu alimkabidhi mtu viumbe vyake avitunze. Sisi tulikabidhiwa wawili, na mmoja alikufa mikononi mwetu. Tumewaambia habari hii bila kuficha, ili wenu asife vile vile.

Kwaherini, mkae na amani.