Mtoto Hakugeuza Uso

Leo tunataka tutazame picha. Mtasema, picha katika redio? Ni kweli, redio haina macho. Basi tupeni masikio yenu, nasi tutaieleza polepole mpaka muione.

Picha hiyo imo mjini Paris, Ufaransa, katika nyumba ya makumbusho iitwayo Louvre, nayo imekuwa huko tangu mwaka 1886. Aliyeichora ni Domenico Ghirlandaio, fundi wa mji wa Florence katika Italia, yapata mwaka 1490. Ndiye fundi ambaye Michelangelo, akiwa kijana, aliwekwa kwake ili ajifunze kazi. Picha yenyewe si kubwa. Ni ubao wa sentimeta 62 hivi kwa 46, na mna watu wawili tu. Mzee mwenye mvi ameinamisha macho, na mtoto mwenye nywele za dhahabu amemwegemea, ameinua uso kumtazama. Watu huwaita babu na mjukuu, ijapokuwa majina yao yamepotea zamani.

Sasa twafika penye jambo lenyewe. Pua ya mzee huyu imeharibika. Imevimba na kuota vinundu, kama tangawizi mbichi. Madaktari wa siku hizi wanautambua ugonjwa huo. Ni ugonjwa wa ngozi. Watu wamezoea kusema kwamba pua ya namna hiyo ni alama ya mlevi, lakini sivyo. Hata asiyeonja pombe maisha yake yote aweza kuipata. Na zamani zile za Ghirlandaio wako wasomi waliofundisha kwamba sura ya mtu hutangaza tabia yake, hata mwenye uso mbaya akashukiwa kuwa na moyo mbaya.

Mchoraji angeweza kuificha. Njia ilikuwako, nayo ni nyepesi: kumchora mtu kwa ubavu, upande mmoja tu. Federico da Montefeltro, mtawala wa Urbino, alikuwa amepoteza jicho la kulia. Piero della Francesca alipomchora, akaonyesha upande wa kushoto peke yake. Ghirlandaio alifanya kinyume. Mtoto mzuri ndiye aliyechorwa kwa ubavu, na mzee akageuzwa kuelekea kwetu, vinundu vyote vikaonekana.

Tazameni na nuru. Ukuta wa nyuma una giza, na nuru inaangukia uso wa mzee: paji, shavu, na pua ile ile. Haikuruka mahali. Kisha rangi. Mzee amevaa joho jekundu lenye manyoya. Mtoto naye amevaa nguo nyekundu na kofia nyekundu. Florence ulikuwa mji wa biashara ya nguo, na kitambaa kilichotiwa wekundu mzuri kilikuwa cha bei kubwa, vazi la watu wa heshima. Kwa hiyo mzee huyu hakuletwa mbele yetu kama mgonjwa wa kuhurumiwa. Na pale mtoto anapomwegemea, wekundu wa mmoja wakutana na wa mwenzake, hata ni kama wamejifunika nguo moja. Hatudhani kwamba ni bahati tu.

Lakini kinachotushika zaidi ni macho ya mtoto. Mtoto mdogo hajui kujifanya. Akiogopa uso wa mtu hulia, au hujificha nyuma ya mamaye. Ninyi akina mama mwajua. Huyu ameweka mkono kifuani pa mzee, na uso wake u karibu kabisa na pua ile, wala hashtuki. Je, haioni? Aiona sana. Uso ule ndio babu.

Ndugu zetu, makanisani mwetu wamo wazee wanaokaa kiti cha nyuma siku zote kwa ajili ya kidonda, au jicho lililoharibika, au mkono unaotetemeka. Twawasalimu huku tukitazama pembeni, tukidhani hiyo ndiyo adabu. Mzee ajua. Afadhali angeulizwa habari za nyumbani, uso kwa uso, kama mtu.

Katika Mwanzo sura ya 48 twasoma habari za Yakobo, macho yake yamekuwa mazito kwa uzee, haoni vema. Yusufu akamletea Efraimu na Manase, naye akawakumbatia na kuwabusu. Alikuwa hakutazamia kumwona tena Yusufu, na sasa Mungu amempa na wajukuu mikononi. Vijana wale hawakuambiwa wasimame mbali na mgonjwa.

Liko na jambo jingine. Mjini Stockholm, Sweden, imehifadhiwa karatasi ambayo Ghirlandaio alimchora mzee yuyu huyu. Pua ni ile ile, lakini macho yamefumba, na mtoto hayumo. Wengi walioichunguza waona kwamba mzee alichorwa akiwa amekwisha kufa, au yu katika kufa. Kama ndivyo, basi fundi aliondoka kitandani pale na karatasi yake, akayafumbua macho yale kwa rangi, akampa mzee mtu wa kumtazama. Nyuma yao akafungua dirisha, na njia inayopinda kuelekea milimani. Pua angeweza kuiponya pia, maana ni rangi tu. Aliiacha kama ilivyokuwa.