Mbwa wa Kabambare aliyekaa kwangu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kasongo)

Komite iliniomba niseme juu ya yule mbwa niliyemuchunga miezi mitano hapa Kasongo. Najua wengine walicheka. Mutu wa shirika, mwenye diploma, anachunga mbwa wa deplase wakati watu wenyewe hawajashiba! Mucheke tu, si vibaya.

Mwenye mbwa ni baba mumoja wa upande wa Kabambare, muwindaji. Wakati wa fujo alikimbia na mke, watoto watano na mbwa, wote kwa miguu. Familia iliyowapokea hapa ikasema: watu karibuni, lakini mbwa hapana. Siwalaumu. Kasongo ni muji wa Waislamu tangu wakati wa Tippu Tip, na kwa wengi wetu mate ya mbwa ni najisi. Chombo alicholamba kinaoshwa mara 7. Shehe jirani yangu alinieleza vizuri kwamba mbwa wa kuwinda au wa kulinda anaruhusiwa, ila akae inje, mbali na mahali pa kuswali. Basi nikamujengea kibanda nyuma, karibu na mihogo.

Jina lake Tutaona. Munajua desturi yetu: jina la mbwa ni ujumbe kwa majirani. Ule ujumbe ulikuwa wa nani, yule baba hakuniambia, na mimi sikuuliza.

Ni mbwa wetu wa Kongo, mudogo, masikio wima, mukia umejikunja. Hawa hawabweki kama wengine. Wazungu walipowapeleka Uingereza miaka ya 1930 wakawaita Basenji. Kwa sababu ya kunyamaza kwake, muwindaji anamufunga njuga ya mti ili ajue yuko wapi porini. Lakini Tutaona alikuwa ananyamaza hata kupita kiasi. Pikipiki ikipita, anajificha chini ya kibanda siku muzima. Ukinyosha mukono, anauma. Ukimuangalia, hali.

Sikuwa na dawa. Nilimupa bugali na vichwa vya ndagala saa ileile kila siku, nikaketi mbali nikimupa mugongo, nikisoma ripoti zangu. Hakuna kupiga, hakuna kupiga kelele. Wiki ya tatu watoto wa yule baba wakaleta ile njuga. Niliitikisa mara moja tu, akatoka mwenyewe.

Mwezi wa pili ndipo mambo yalipokuwa magumu. Mutoto wa jirani alifuata mupira wake nyuma ya nyumba, Tutaona akamuuma muguu. Avenue yote ikasimama: auawe leo! Hapa naomba musikilize, hata muliokuwa mukicheka.

Kwanza tuliosha kile kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa. Bila majivu, bila pilipili. Halafu hospitali, siku ileile. Vaksini ilitafutwa kwa taabu, na mulichanga ninyi wenyewe. Hatukungoja kuona mbwa atakuwaje, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha alama kwa mutu, karibu hakuna anayepona. Mbwa tulimufunga kwa kamba, tukamuangalia siku 10. Mbwa aliyeuma huku ana kichaa, ndani ya siku hizo ataugua au atakufa. Akibaki muzima anakula, ile siku hakuwa na ugonjwa wa kumupa mutoto. Ukimuua haraka na kumutupa, umejifunga macho.

Siku ya 10 Tutaona alimaliza bugali yake. Mama wa mutoto alikuja kuangalia mwenyewe, akasimama kule kwenye mihogo. Akaniambia: “Kama mungemuua siku ile, mpaka leo singekuwa nalala.” Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akileta vichwa vya ndagala.

Halafu yule baba akarudi kwao, akatuma habari: nyumba imeanza kusimama, mulete mbwa. Nilimuweka katika kitunga nyuma ya pikipiki, nikamufunika gunia. Barabara ya Kabambare munaijua, sitaisimulia. Kwa kila daraja la miti nilishuka na kumushika kichwa, maana alitetemeka. Mimi pia, lakini kwa sababu ya daraja.

Kufika, alinusa ukuta ulioungua, akazunguka mara mbili, kisha akamurukia yule baba. Kwangu hakurudi. Nilitaka arudi, niseme ukweli. Nililala pale, wakanichinjia kuku, na alfajiri nikakuta wameshaenda porini wote wawili na ile njuga. Tuliagana hivyo.

Sasa maombi ya komite. Familia nyingi zinarudi na mbwa, na huko mbwa hawajachanjwa. Ili ugonjwa usizunguke, wanahitaji kuchanjwa mbwa 70 kwa kila 100. Vaksini inataka baridi, kati ya digri 2 na 8, na vijiji vingi havina umeme. Mwanachama mumoja mwenye friji ya sola ametupa nafasi. Kinachokosa ni vaksini yenyewe, sanduku la baridi na mafuta ya pikipiki. Wenye mbwa wajiandikishe kwa sekretere leo, kabla hatujatoka.