Chakula cha Wazee Wetu na Mwako wa Ndani ya Mwili

(Mhadhara uliotolewa msikitini baina ya Magharibi na Isha, katika maandalizi ya mwezi wa Ramadhani)



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.T.), Muumba wa miili yetu na Mwenye kuiruzuku. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, wazee wangu, na mama zetu mlioko nyuma ya pazia. Kwamba mwili ni amana, hakuna miongoni mwetu anayelipinga. Lakini amana hii tunaizungumza sana katika mlango wa sigara na ulevi, na tunainyamazia katika mlango wa chakula cha halali. Usiku huu nakusudia mlango huu wa pili.

Tazameni safu zetu. Viti vinavyopangwa pembeni kwa ajili ya wasioweza kurukuu na kusujudu vinaongezeka mwaka hadi mwaka, na wanaovikalia si vikongwe peke yao. Wamo watu ambao hawajatimiza miaka 50, huyu ana kisukari, huyu shinikizo la damu, yule magoti hayakunjiki. Kila mmoja ana sababu zake, na sisemi kwamba zote zatoka jikoni. Nasema ipo moja tunayoipika wenyewe.

Waarabu huliita jambo hili iltihaab, neno lenye asili moja na lahab, yaani mwali wa moto. Katika mhadhara huu tutaliita mwako. Mwako kwa asili yake si ugonjwa. Mtu akichomwa na mwiba, mahali pale huwa pekundu, huvimba, hupata joto na huuma. Alama hizi nne zilikwisha kuandikwa na Celsus, mwandishi wa Kirumi, katika karne ya kwanza. Maana yake ni kwamba askari wa mwili wamefika kupambana na vijidudu, na kazi ikiisha huondoka. Msiba ni mwako sugu, pale askari hao wanapobaki kazini miezi na miaka ilhali hakuna adui wa kupigana naye. Hapo huanza kudhuru kuta za mishipa ya damu, na huufanya mwili usiitii insulini kama ipasavyo. Mwako wa namna hii aghalabu hauumi. Mwenye nao hula, hulala na huenda kazini, na huujua pale damu yake inapopimwa, kwa mfano kwa kuangalia protini iitwayo CRP ambayo hutengenezwa na ini. Umehusishwa na maradhi ya moyo, kisukari cha aina ya pili na baadhi ya saratani.

Sasa chakula kinaingiaje? Hapa hatuna haja ya kwenda mbali, maana jambo hili limechunguzwa Moshi. Mwaka 2021, watafiti wa huko pamoja na wenzao wa Uholanzi walichapisha katika jarida la Nature Immunology uchunguzi wa Watanzania 323 wenye afya njema. Waliokuwa wakiishi mjini walikutwa na dalili za mwako katika damu kuliko wa vijijini, na chakula kilionekana kuwa miongoni mwa sababu. Mtu anaweza kujibu, na amejibu kwa haki, kwamba mtu wa kijijini hulima na hutembea, basi huenda ni jembe lililomlinda wala si ndizi.

Jibu lilikuja mwaka 2025, katika jarida la Nature Medicine. Safari hii walichukuliwa wanaume 77 wenye afya. Vijana 23 wa vijijini, waliozoea chakula cha asili cha Kilimanjaro, walipewa kwa wiki mbili chakula cha kisasa cha viwandani na cha kukaangwa. Wengine 22 wa mjini walifanyiwa kinyume chake, wakapewa mboga za majani, matunda, maharage na jamii yake, nafaka zisizokobolewa na vyakula vilivyochachuliwa. Kilichokusudiwa kubadilishwa ni chakula. Damu za kundi la kwanza zilionyesha protini za mwako zimepanda, na chembe zao za kinga zikawa dhaifu katika kuvikabili vijidudu. Kundi la pili mwako ulishuka. Tena baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa yangali yakionekana wiki nne baadaye. Wiki mbili, ndugu zangu! Ni nusu ya Ramadhani.

Liko kundi la tatu, na sitalificha, maana atakuja mtu kuwaambia kisha mseme ustadhi alitukatia habari. Watu 22 walipewa kwa wiki moja mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi, nao pia mwako wao ulipungua. Je, hii ni hoja ya kuhalalisha? Hapana. Sheria haikuharamisha kileo kwa madai kwamba hakina manufaa yoyote. Ilikiri kuwa yamo, ikaharamisha kwa kuwa madhara yake ni makubwa zaidi. Wala kuchachua si lazima kuzae ulevi. Yapo maziwa ya mtindi, upo uji wa kuchachua, ipo togwa. Mtume (S.A.W.) mwenyewe akinywa nabidhi, maji yaliyolowekwa tende, ingali mpya, na hakuinywa ilipopita muda wake. Basi na togwa inywewe ingali togwa, kwani ikiachwa siku nyingi huweza kugeuka.

Ama namna chakula hiki kinavyofanya kazi, jambo moja lililo wazi ni nyuzinyuzi zilizomo katika kunde, mboga na maganda ya nafaka. Sisi hatuwezi kuzisaga matumboni, lakini bakteria wa utumbo mpana huzila na kutoa asidi zinazoulisha ukuta wa utumbo na kuwatuliza askari wale. Tukikoboa mahindi tukapata sembe nyeupe, sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hizo humwagiwa kuku. Dona tumeipa jina la chakula cha shule na jela, tukaionea haya mbele ya mgeni. Sijui haya hiyo tumeirithi kwa nani.

Kinachonisikitisha zaidi ni futari. Hadi leo mtu akisema sokoni kwamba ananunua futari, muuzaji hampi soda. Humpimia magimbi, mihogo, viazi vitamu na ndizi. Neno lenyewe limehifadhi chakula ambacho meza zetu zimeanza kukitupa. Tunafuturu kwa sharubati ya pakiti, sambusa, kaimati zilizozama katika sukari, na chipsi. Chupa moja ya soda ya mililita 350 hubeba takriban gramu 35 za sukari, ilhali Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwa chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima, ndiyo bora. Mfungaji anaimaliza kabla hajasimama kuswali Magharibi.

Naomba nisifahamike vibaya. Wazee wetu hawakuishi bila maradhi. Malaria na uzazi viliwaua wengi. Uchunguzi niliousimulia ulihusu vijana wa kiume wenye afya, kwa muda mfupi, na ulipima damu, haukutibu mgonjwa. Kwa hiyo mwenye dawa za hospitali asiziache kwa sababu ya mhadhara huu. Mwenye kisukari ajue kuwa muhogo na ndizi navyo ni wanga, apime kiasi kwa ushauri wa daktari, na kabla ya kufunga amwone. Na anayewauzieni chupa mlangoni mwa msikiti akidai inaondoa sumu na mwako wote kwa siku saba, mwulizeni ameipima kwa nani. Habbat sauda siikatai. Nakataa kufanywa biashara ya hofu za wagonjwa.

Ninalo ombi kwa kamati ya futari ya msikiti na kwa akina mama wanaojitolea kupika. Fedha inayotengwa kwa soda mwaka huu inunue tende, maji, kunde na mboga za majani. Sufuria la uji liwe la mtama au ulezi, na sukari iwekwe kando, kila mtu ajitilie mwenyewe. Magimbi na mihogo ichemshwe kwa nazi kama ilivyokuwa, isikaangwe. Na watoto wa madrasa, ambao huletewa biskuti na juisi kila tunapotaka kuwafurahisha, wapewe ndizi mbivu na karanga, nao watafurahi vilevile.

Wabillaahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.