Njia ya Kurudi: Kurekebisha Sampu kwa Ajili ya Bomba la Kurudishia Oili ya Turbo



Mada yangu inahusu tundu moja tu: lile tunalotoboa kwenye sampu tunapofunga turbo kwenye injini iliyotoka kiwandani bila turbo. Nimelichagua kwa sababu ndiyo kazi tunayoiacha hadi jioni ya mwisho, mwenye gari akiwa ameshafika kuchukua gari lake. Na ndiyo inayotuharibia kazi yote.

Nitatumia mfano wa injini tuliyoizoea: 1HZ ya Toyota Land Cruiser, dizeli ya silinda 6 na lita 4.2. Injini hii hudumu sana, lakini wenye magari ya safari na mizigo huja wakitaka nguvu zaidi ya kupandia milima.

1. Oili huingia kwa presha, hutoka kwa uzito wake

Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Katika turbo nyingi, beringi na shafti hutenganishwa na utando wa oili tu. Oili hiyo husukumwa na pampu ya injini kupitia bomba jembamba. Ikishapita kwenye beringi, presha yake imekwisha. Hudondoka ikiwa ya moto, imejaa hewa kama povu la sabuni, wala hakuna kinachoisukuma kurudi kwenye sampu.

Kwenye ncha za shafti hakuna sili za mpira. Kuna ringi ndogo za chuma, mfano wa ringi za pistoni, na haziwezi kuzuia oili iliyojaa. Oili ikikosa njia ya kushuka hupenya upande wa hewa au upande wa ekzosi, na gari hutoa moshi wa buluu.

Niliwahi kuletewa Land Cruiser lililokuwa limebadilishiwa turbo mara mbili bila moshi kukoma, na mwenyewe alikuwa ameshanunua ya tatu. Nilipofungua, turbo iliyokuwamo ilikuwa nzima kabisa. Mpira wa kurudishia ulikuwa mwembamba, umening'inia chini kisha ukapanda kuingia kwenye sampu. Oili ilikuwa imelala pale ulipopinda. Tulihamisha tundu na kuweka mpira mpana. Oili iliyobaki kwenye ekzosi ilipoungua yote, moshi ukakoma, na ile turbo ya tatu ikarudishwa dukani ndani ya boksi lake.

2. Mahali pa kutoboa

Kwanza angalia bloku: baadhi zina mahali palipoachwa na kiwanda kwa kazi hii, pamezibwa tu. Kama hapapo, tundu lazima liwe juu ya usawa wa oili. Usikadirie kwa macho. Weka gari mahali tambarare, oili ikiwa kwenye alama ya juu ya dipstiki, kisha unganisha mpira unaoonyesha ndani kwenye tundu la kumwagia oili na uinue ncha yake, kama waashi wanavyopima usawa kwa mpira wa maji. Oili itakapotulia ndipo usawa ulipo. Piga mstari kwenye sampu. Tundu likae juu yake.

Kisha fikiria ndani: krenki inapita wapi, kinga za kuzuia oili kuyumba ziko wapi, bomba la kunyonyea liko wapi. Mpira ushuke moja kwa moja bila kuinuka popote, na mdomo wa turbo wa kutolea oili usiinamishwe zaidi ya nyuzi 35 kutoka wima.

3. Upana

Bomba la kuingizia huwa na tundu la milimita 3 au 4. La kurudishia lisipungue milimita 16 ndani. 19 ni salama zaidi, maana povu huhitaji nafasi. Pima na ndani ya viungo pia, kwa kuwa kiungo kimoja chembamba hubana njia nzima.

4. Kutoboa na kuchomelea

Shusha sampu. Wapo wanaotoboa ikiwa imefungwa, wakipaka grisi kwenye drili ili inase chenga. Nawasihi tuache. Chenga moja ikinyonywa hufika kwenye pampu kabla ya kufika kwenye filta.

Osha sampu mpaka isiwe na oili wala mvuke wa mafuta, kisha ichomelee ikiwa imefungwa kwa bolti kwenye kipande cha chuma kinene ili ukingo usipinde. Aluminiamu iliyokaa na oili ni ngumu kuchomelea. Kama huna mashine ya gesi ya agoni na mkono uliozoea, tumia kiungo cha nati chenye washa pande zote mbili.

Jaribu kabla ya kufunga: paka chaki nje ya mshono, mimina mafuta ya taa ndani, acha usiku kucha. Chaki ikilowa, rudia. Na kwenye gasketi ya turbo usipake silikoni, kwani vipande vyake hukatika na kuziba njia.

5. Presha ya ndani ya injini

Ringi za pistoni zikichoka, gesi huvujia kwenye sampu na kuizuia oili isishuke. Kagua kipumulio. Ukifungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma na moshi ukatoka kwa nguvu, mwambie mwenye gari ukweli: injini hii inahitaji matengenezo kabla ya turbo.

Mapendekezo

Napendekeza sampu ishushwe siku ya kwanza ya kazi, pamoja na manifoldi, na isiachiwe siku ya mwisho. Pili, gari likiletwa na moshi wa buluu, tufungue bomba la kurudishia kabla ya kumwambia mtu anunue turbo nyingine. Fedha anazoleta mteja kwetu mara nyingi ni za ada ya shule au za mkopo, na saa moja ya kukagua bomba hilo inaweza kuziokoa zote.