Amri ya Tano Barabarani

Dominika ya 6 ya Mwaka A (Mt 5:17-37)



Katika Injili ya leo Bwana wetu ameketi mlimani, naye anazichukua amri za Musa na kuzifuata hadi kwenye mizizi yake, ndani ya moyo wa mtu. Anapoifikia amri ya tano, ile ikatazayo kuua, haishii kwenye upanga na damu. Anashuka hadi kwenye hasira, hadi kwenye neno la dharau tunalomtupia ndugu. Wengi wetu tukiisikia amri hiyo hupumua kwa raha, maana hatujamwua mtu. Leo naomba tuisome mahali ambapo pengine hatukuzoea kuisoma, yaani nyuma ya usukani.

Kila nchi ina sheria zake za mwendo. Hapa kwetu Tanzania kibao cha duara jekundu chenye namba 50 humwambia dereva kwamba ameingia penye makazi ya watu, na mabasi na malori hayaruhusiwi kuvuka kilomita 80 kwa saa hata porini. Kwa jirani zetu wa Kenya gari dogo laweza kwenda 100 katika barabara ya kawaida, na 110 pale ambapo njia ya kwenda na ya kurudi zimetenganishwa. Basi na matatu hubaki kwenye 80. Huko Ujerumani ziko sehemu za barabara kuu zisizo na ukomo wowote, ila ushauri tu wa kutozidi 130. Nawe ukivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, hata upande wenyewe hubadilika: dereva aliyeshika kushoto tangu Dar es Salaam sasa hushika kulia hadi Kigali.

Je, haki ya Mungu hubadilika mpakani? Hasha. Namba hizo ni mapatano ya wanadamu, na mapatano yaweza kubadilishwa. Watu wa Sweden walikuwa wakishika kushoto kama sisi, na siku moja ya Jumapili, tarehe 3 Septemba 1967, alfajiri saa kumi na moja, nchi nzima ikahamia kulia. Wengi walitazamia maafa makubwa. Kumbe ajali zilipungua, kwa kuwa kila mmoja aliendesha kwa tahadhari, akimwangalia mwenzake kana kwamba ndiyo kwanza amekutana naye. Baadaye watu walipozoea, ajali zikarudi kama zamani. Nadhani kisa hicho kinastahili kutafakariwa kuliko vitabu vingi vya maadili.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, imeagizwa kwamba mtu ajengaye nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari lake, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Nyumba za Wayahudi zilikuwa na dari tambarare, watu walipanda juu kupunga upepo. Kimo cha ukuta chaweza kutofautiana kijiji hata kijiji, lakini mtu anayeanguka huumia vile vile kila mahali. Kibao cha 50 ndicho ukuta wetu. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kwa sekunde moja. Dereva akimwona mtoto, akatumia sekunde moja kutambua na kukanyaga breki, gari zima katika barabara kavu litasimama baada ya mita 28 hivi. Likiwa katika mwendo wa 100, mita hizo 28 zote zimekwisha kabla breki haijaanza kushika, na gari halisimami mpaka zimepita mita 80. Hesabu hiyo haina uraia. Ni ya Kigali na ya Nairobi, na ni ya kijiji chako.

Lakini, ndugu zangu, tofauti iliyo kubwa zaidi siioni katika namba za vibao. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni kote. Barani Afrika walikufa watu 19 katika kila watu laki moja. Ulaya karibu 7, na Ujerumani yenyewe, pamoja na barabara zake zisizo na ukomo, chini ya 5. Ni kweli kwamba katika barabara zile hapiti mtembea kwa miguu wala baiskeli, na hospitali ziko karibu. Barabara yetu ni soko, ni njia ya shule, na mbuzi nao huvuka. Tungepaswa basi sisi tuwe waangalifu kuliko wao. Badala yake tumejifunza kutii mahali askari alipo tu.

Ninyi mnaosafiri mnajua nisemalo. Basi linakwenda mbio, mara gari linalotoka mbele linawasha taa mara mbili. Maana yake inaeleweka kwa kila dereva: mbele kuna tochi, kile chombo cha askari cha kupimia mwendo. Basi linanywea, linapita kwa adabu, askari anatazama saa yake, na baada ya kona mbio zinaanza upya. Kijiji kisicho na askari kinapitwa kama pori. Mwaka 2004 Kenya ilianza kusimamia kwa ukali kanuni za waziri John Michuki, vidhibiti mwendo na mikanda, na mwaka 2015 Rwanda nayo ikaagiza vidhibiti katika magari ya abiria. Serikali zinafanya vema kutunga kanuni za namna hiyo. Hata hivyo dereva wa lori avukaye Rusumo ni yule yule, mwenye moyo ule ule. Nimewaona wanaoendesha kama watawa upande mmoja wa daraja na kama Yehu upande wa pili. (Yehu ni yule wa Kitabu cha Pili cha Wafalme, ambaye mlinzi alimtambua akiwa mbali kwa jinsi alivyoendesha gari lake la farasi.)

Hukumu hii naianza nyumbani mwa Mungu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitoka parokiani baada ya Misa ya kwanza, nikiwahi Misa ya kigango saa nne. Nilikuwa nimechelewa. Gari moja likaniwashia taa, nikapunguza, nikawapita askari kwa unyenyekevu, na nilipoachana nao nikapunga mkono kumshukuru yule dereva niliyekwisha kupishana naye, kana kwamba angeniona. Kisha nikakanyaga mafuta. Nilikivuka kijiji cha daraja la mto nikiwa katika 90, kibao cha 50 nikikiona kabisa. Nilihubiri siku hiyo juu ya upendo wa jirani, tena nilihubiri vizuri. Baada ya Misa katekista akanijia sakristia, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini: “Baba, leo ulitupita pale mtoni. Tulikuwa na watoto wa Utoto Mtakatifu. Tulirukia majanini.”

Wale niliowakimbilia ndio wale niliotaka kuwaua.

Huenda mtasema neno hilo ni kali, Padre hakutaka kuua mtu. Ndivyo nami nilivyojitetea njiani, nikirudi. Lakini Bwana haulizi nilitaka nini. Anauliza moyoni mwangu yule mtoto alikuwa na thamani gani nilipoona kibao. Baraza la Kipapa la wahamiaji na wasafiri lilipotoa mwongozo wake juu ya uchungaji wa barabarani mnamo Juni 2007, liliwaandikia madereva amri kumi, na ya kwanza ni hiyo hiyo ya kutoua.

Wala abiria asinawe mikono kama Pilato. Ni nani anayemwambia dereva kwamba anatuchelewesha? Ni nani anayesifu kampuni fulani kwa kuwa hufika mapema? Nimepanda basi ambalo mama mmoja mzee alisimama akasema, “Mwanangu, punguza, sisi ni watoto wa watu.” Abiria wakamcheka. Dereva, na asifiwe, akapunguza.

Jumapili iliyofuata niliwaomba radhi wanakigango mbele ya altare, na Misa yao tukaisogeza hadi saa nne na nusu. Wazee walinung’unika kidogo, maana jua huwa limekwisha kuwa kali, kisha wakazoea.

Tumsifu Yesu Kristo.