TAARIFA YA TAWI: UTAFITI WA SIMU HAUTATUCHAGULIA MGOMBEA

*Maneno ya katibu wa tawi kwenye mkutano wa wanachama Jumapili. Tunawatumia wote, hasa waliokuwa baharini na kazini.*



Kwa wiki tatu sasa simu zinapigwa katika wadi yetu. Namba ngeni, sauti ya kijana mpole au ya mashine, halafu maswali ya kura. Wengi wenu mmekuja kulalamika. Kamati imewasikiliza na kuandika, na leo tunatoa msimamo.

Jambo hili si dogo. Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027, na kabla yake kuna tiketi ya mwakilishi wa wadi. Mwaka 2022 tuliona baadhi ya vyama nchini vikitumia utafiti wa maoni kuamua nani apewe tiketi bila mchujo. Sasa tunasikia fununu kwamba hata hapa kwetu Kwale "utafiti utaamua". Tukinyamaza, ipo siku tutaletewa jina na asilimia, tuambiwe wananchi wameshasema.

Wananchi gani? Hebu tutazame mliyotueleza.

Mama mmoja aliulizwa: "Ukijua kwamba fulani ndiye aliyeleta basari na barabara, utampigia kura?" Hilo si swali, ni kampeni iliyovaa kanzu ya utafiti. Kijana mwingine aliambiwa abonyeze 1 kwa jina fulani na 2 kwa "mwingine yeyote". Tunao watu watatu wanaotaka tiketi, iweje mmoja awe na jina na wawili wawe "mwingine"? Mzee wetu alipotaja mtu wake alijibiwa hayuko kwenye orodha. Na aliyesema bado hajaamua, simu ikakatwa.

Tukaangalia pia nani hakupigiwa. Simu zimekuja kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Saa hizo mvuvi yuko baharini na mfanyakazi wa hoteli ya Diani simu yake iko kabatini. Kule bara ya wadi mtandao ni wa kupanda kilimani. Maswali ni ya Kiswahili cha haraka na Kiingereza, na wapo wazee wetu ambao jambo zito hulijadili kwa Kidigo au Kiduruma. Na nyumba ngapi zina simu moja, mulika mwizi, na anayeijibu ni baba peke yake?

Atakayetuambia "lakini tumepigia watu wengi", tumfanyie hesabu. Huu ni mfano tu. Wadi ina wapiga kura 10,000: 6,000 wako pwani na 4,000 bara. Mgombea mmoja anapendwa na asilimia 60 ya watu wa pwani na asilimia 20 ya watu wa bara. Kura zake za kweli ni 3,600 na 800, jumla 4,400. Ana asilimia 44, ameshindwa. Sasa mpiga simu apigie watu 100, 90 wa pwani na 10 wa bara. Atapata 54 na 2, jumla 56. Aliyeshindwa amekuwa mshindi, na hakuna aliyedanganya kwenye simu. Ukiwapigia 1,000 kwa mgawo uleule, jibu ni lilelile asilimia 56. Wingi hauponyi orodha mbovu.

Hili lilishatokea kwa wakubwa. Mwaka 1936 jarida la Marekani liitwalo Literary Digest lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt. Majina lilikuwa limeyatoa zaidi kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati ambapo maskini hakuwa na simu wala gari. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Na hapa kwetu mwaka 2022, kampuni kadhaa kubwa za utafiti zilimweka Raila Odinga mbele siku za mwisho, lakini tume ikatangaza William Ruto asilimia 50.49 na Raila asilimia 48.85. Hatusemi kampuni hizo zilinunuliwa. Tunasema hata utafiti wa watu wenye ujuzi hukosea, sembuse huu wa kubonyeza 1.

Tawi halipingi utafiti. Utafiti safi unamsaidia mgombea kujua wapi maji ni shida na wapi hajulikani. Tunachokataa ni hesabu isiyo na risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kura ni hivyo hivyo.

Sheria nayo iko upande wetu. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu uchapishaji wa kura za maoni inamtaka anayetangaza matokeo aseme nani alilipia, nani alifanya, lini, watu walitolewa kundi gani, waliulizwa wangapi, na kiwango cha makosa ni kipi. Wakiulizwa watu 400, hata kazi safi inaweza kupotoka kwa takriban asilimia 5 juu au chini, kwa hiyo kuongoza kwa asilimia 3 si ushindi. Na Sheria ya Vyama vya Siasa, ilivyorekebishwa 2022, inataja mchujo wa namna mbili: wanachama waliosajiliwa kupiga kura wenyewe, au wajumbe kupiga kura kwa niaba yao. Simu si mojawapo.

Kwa hivyo tumeazimia hivi:

*1.* Tawi halitatambua tiketi itakayotolewa kwa matokeo ya simu pekee. Tunataka mchujo, na sajili ya wanachama ibandikwe mapema kila mtu ajikague.

*2.* Tunaiandikia afisi ya chama ya kaunti itueleze kama inazijua simu hizi, nani anazilipia, na namba zetu zilitoka wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatupa haki ya kuuliza.

*3.* Ukipigiwa, andika tarehe, saa, namba na maneno ya swali, umletee katibu. Usiisambaze namba hiyo kwenye magrupu.

*4.* Usimtukane anayepiga. Ni kijana anayetafuta riziki, hakuyatunga yeye maswali. Na usimdanganye, kwani uongo wetu hautanyoosha uongo wao. Sema hushiriki, ukate.

*5.* Usitume picha ya asilimia isiyo na maelezo tuliyoyataja, hata kama inamsifu mtu unayemtaka.

Wagombea wetu watatu wote wamepewa nakala ya maazimio haya. Atakayepita kwa kura zetu tutamfuata sote, pamoja na waliomkataa. Atakayepita kwa simu atatembea na nusu ya tawi, na Agosti haitamsamehe.

Mkutano ujao ni Jumapili ijayo saa kumi jioni, baada ya mashua kurudi. Njooni na kadi zenu.



*Katibu wa Tawi, kwa niaba ya kamati*